Meneja Anapanda Mlingoti

Kama uliishi Dodoma enzi zile mashirika ya umma yakiwa bado yamesimama, huenda ulimwona Fabian kabla hujajua jina lake. Ni yule mtu mwembamba aliyekuwa na filimbi mdomoni na ngozi ya mbuzi kiunoni, akisimama kando ya mlingoti huku chatu akipanda. Wageni wakishuka kwenye ndege, Fabian yupo. Sikukuu ya wakulima, Fabian yupo. Anapuliza filimbi, akina mama wanapiga ngoma, chatu anainua kichwa, anautafuta mti, anajizungusha na kupanda taratibu mpaka kileleni. Akishafika juu, anakitoa kichwa hewani na kukizungusha huku na huku, na Fabian anatangaza kwa sauti ya mtu aliyezoea kutangaza: "Meneja anawasalimu." Hapo watu walipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Watoto walimwita Fabian wa Chatu. Mkewe Emilia naye, akitaka kumtania, alimwita hivyo hivyo.

Lakini hiyo haikuwa kazi aliyoajiriwa nayo. Aliajiriwa tarishi, katika shirika moja lililonunua mazao ya wakulima. Kazi yake ilikuwa kupeleka mafaili toka chumba hiki mpaka chumba kile na kuchemsha chai ya saa nne. Siku zile shirika lisilo na kikundi cha ngoma lilionekana kama nyumba isiyo na mlango, kwa hiyo wakubwa wakaagiza kiundwe. Wafanyakazi wakaulizwa mmoja mmoja nani anaweza nini. Mmoja akasema anaimba kwaya, mwingine akasema anapiga zeze. Ilipofika zamu ya Fabian, akafikiri kidogo, akasema yeye haogopi nyoka.

Na ilikuwa kweli. Fabian alizaliwa Bahi, kule kwenye mbuga ambako mwaka wa mvua nyingi huwezi kujua shamba linaishia wapi na ziwa linaanzia wapi. Utotoni alikuwa analinda mpunga, amekaa juu ya dungu, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa shambani, akiwarushia ndege udongo kwa kombeo. Maji yakipanda, nyoka nao walitafuta mahali pakavu kama watu walivyotafuta. Unaamka kwenye dungu lako, unamkuta chatu amejikunja pembeni, mmepanga chumba kimoja. Baba yake alimfundisha kwamba chatu hana sumu, ana meno na ana nguvu. Ukimshika, mshike bila haraka, umbebe mwili mzima, usimwache akaning'inia, maana akining'inia anadhani anaanguka, na anayedhani anaanguka hushika chochote.

Basi akaenda Bahi, akarudi na chatu mchanga ndani ya gunia. Kikundi kikamwita Meneja, kwa sababu alikula mara moja kwa muda mrefu na siku zilizobaki alikuwa amelala, na ukimgusa wakati wa usingizi anakasirika. Jina hilo halikutamkwa mbele ya meneja mwenyewe wa shirika, ingawa inasemekana alilijua na kulicheka.

Mwanzoni Fabian alikuwa anamvaa tu shingoni na kuzunguka naye. Hiyo ya kupanda ilikuja yenyewe. Alasiri moja ya mazoezi, uani kwa shirika, Fabian alipuliza filimbi kama kawaida, akina mama wa muheme, ile ngoma ya Kigogo, wakaanza, na Meneja akateremka toka begani kwake, akatambaa moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya banda la baiskeli, akaikwea. Msimamizi wa utamaduni alikuwa anapita na kikombe cha chai. Alisimama akatazama, kisha akamwuliza Fabian amemfundisha lini. Fabian hakujibu la ndiyo wala la hapana. Kesho yake akapuliza tena, akina mama wakaanza tena, Meneja akapanda tena. Toka hapo jambo likawa limekwisha amuliwa: filimbi ya Fabian ndiyo inayompandisha. Shirika likatafuta mti mrefu ulionyooka, ukazungushiwa kamba ya katani ili nyoka apate pa kushika, na mlingoti huo ukawa unasafiri juu ya lori pamoja na ngoma.

Fabian naye aliamini. Na kwa nini asiamini? Hakuwahi hata siku moja kupuliza ikawa Meneja hakupanda.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa sabuni na mitumba, watu wakaanza kubomoa tembe na kujenga nyumba za bati, na mashirika yakaanza kupumua kwa shida. Lile la Fabian lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuzimika. Watu wakapunguzwa, kwanza wale wa chini, halafu wale waliowapunguza wale wa chini. Vitu vya kikundi vikagawanywa uani, palepale kwenye banda la baiskeli. Ngoma akazichukua Violeth, mpishi wa kantini, aliyekuwa kiongozi wa wapiga muheme. Njuga na mavazi wakagawana waliokuwepo. Meneja hakuna aliyemtaka. Fabian akamweka kwenye tenga, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaenda naye nyumbani kwake Ihumwa. Kesho yake akarudi kuuomba mlingoti. Wakamwambia chukua, nani ana kazi na mti.

Nyumba yake ya Ihumwa ilikuwa tembe, lenye paa bapa la udongo na nguzo nene za miti katikati ya chumba, si mbali na reli. Emilia hakumkataa nyoka. Alikuwa amemzoea tangu zamani, toka siku za maonyesho. Sharti lake lilikuwa moja, Meneja akae chumba cha mbele na kuku wakae nyuma, na mlango wa katikati uwe umefungwa. Panya walitoweka nyumbani humo, na Emilia alipotembelewa na wenzake alilitaja hilo kwanza, kabla hawajauliza.

Fabian akashika jembe. Alilima uwele na karanga kama wenzake, si kwa ubaya wala kwa uzuri. Lakini waliomjua waliona kuna kitu kimepungua. Akienda gulioni watu walimsalimia, wakamwuliza habari za chatu, halafu wakaendelea na safari zao. Mtu aliyezoea kunyamazisha uwanja mzima kwa pumzi moja hawezi kuzoea upesi kuwa mtu wa kusalimiwa na kupitwa. Hakuwa analalamika. Jioni alikuwa anaisafisha filimbi kwa unyoya wa kuku, anairudisha mfukoni.

Ndipo Ambokile akamtafuta. Huyu alikuwa mtu wa Mbeya aliyeletwa Dodoma na kazi ya serikali, akapunguzwa naye, akaamua kutorudi kwao. Alifungua baa Miyuji, kando ya barabara ya Arusha, yenye bustani, viti vya plastiki na spika iliyotundikwa juu ya mti. Alikuwa anamkumbuka Fabian toka enzi za wageni wa ndege. Alifika Ihumwa na pikapu yake, akakaa kwenye kigoda, akanywa togwa ya Emilia na kueleza nia yake. Alitaka Jumamosi na Jumapili watu waje kwake kutazama chatu akipanda mlingoti, kitu ambacho baa nyingine hazina. Ila kwanza aone mwenyewe kama nyoka bado anapanda. Wakapatana Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, kabla wateja hawajajaa.

Ambokile alipoondoka, Fabian alimwambia Emilia kwamba ngozi yake ya mbuzi inahitaji kupakwa mafuta. Emilia alielewa. Mumewe alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, asimame tena mbele ya watu, apulize, wanyamaze.

Asubuhi iliyofuata Fabian alisimamisha mlingoti uani, akaushindilia mawe, akamtoa Meneja na kumweka chini yake. Akapuliza.

Meneja hakupanda. Aliutoa ulimi, akaurudisha, akatafuta mahali penye jua, akajikunja. Fabian akapuliza kwa nguvu zaidi, mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Meneja alikuwa amelala.

Alijiambia ni baridi. Ilikuwa Juni, na upepo wa Dodoma wa Juni unaingia mpaka kwenye mifupa. Nyoka wa baridi ni sawa na kamba. Akangoja jua likolee mchana. Hakupanda. Akajiambia ameshiba, kwa hiyo akamngoja akae na njaa. Hakupanda. Akasema labda kamba ya katani imechakaa na kuteleza, akasokota nyingine na kuizungusha upya toka chini mpaka juu, kazi ya siku nzima. Meneja aliinusa kamba mpya kwa ulimi wake, akaupita mlingoti, akaenda kulala nyuma ya mtungi.

"Labda naye amestaafishwa," alisema Emilia, huku akipeta uwele.

Fabian hakucheka. Siku zilikuwa zinakwenda.

Kilichomfungua macho kwanza, au alichodhani kimemfungua, ilikuwa treni. Alasiri moja alikuwa amerudi toka shambani, treni ya mizigo ikapita ikielekea Morogoro, ikapiga honi kwenye kivuko. Fabian aliingia ndani kunywa maji, akamkuta Meneja yuko juu. Alikuwa ameikwea nguzo ya katikati mpaka kwenye boriti, kichwa chake kinazunguka kwenye pembe ya paa, kama zamani. Fabian alisimama na kata ya maji mkononi. Siku chache baadaye treni nyingine ikapita, honi ikalia, na Meneja akaikwea nguzo ile ile.

Hapo Fabian akapata hesabu yake. Honi ni filimbi kubwa. Meneja amezeeka, masikio yamekuwa mazito, hii filimbi ndogo haisikii tena. Dawa ni kutafuta inayolia zaidi.

Kwa mzee mmoja wa Ihumwa kulikuwa na pembe ya tandala, ile inayopulizwa kuita watu kukiwa na jambo. Fabian akaiazima bila kueleza ya nini. Akamweka Meneja chini ya mlingoti, akajaza mashavu, akaipuliza pembe kwa pumzi zake zote. Ililia vizuri sana. Meneja hakutikisika. Ila kijiji kizima kilitikisika. Kabla Fabian hajapuliza mara ya pili, wanaume walikuwa wanakuja mbio na marungu na mapanga, wa kwanza wao akiuliza ng'ombe wameelekezwa upande gani. Fabian alilazimika kuwaeleza wote, na pembe bado iko mkononi, kwamba hakuna wezi wa ng'ombe, kwamba alikuwa anamwita nyoka. Walimtazama, wakamtazama nyoka aliyelala, wakatazamana wao kwa wao. Mmoja akashauri kwamba kesho amwandikie barua. Walirudi makwao wakicheka, na kwa muda mrefu baadaye mtu akichelewa kwenye mkutano wa kijiji walisema huyo ni Meneja, mpulizieni pembe.

Fabian alirudisha pembe na kuomba radhi. Usiku ule alikula mlenda wake, na Emilia hakuongeza chumvi kwenye kidonda.

Jibu lenyewe lilikuja bila kuitwa. Asubuhi moja alikuwa amekaa mlangoni akitengeneza mpini wa jembe, mlango wa chumba cha mbele ukiwa wazi. Kiberenge cha wafanyakazi wa reli kikapita, kile kidogo cha kukagua njia, nacho kikapiga honi kali kwa sababu ya mbuzi waliokuwa relini. Fabian akageuka haraka kumtazama Meneja. Meneja yuko chini, hana habari. Jua liliposogea, ikaja treni ndefu ya mizigo. Kivukoni hapakuwa na mtu wala mbuzi, haikupiga honi hata kidogo. Lakini kabla Fabian hajaiona, mtungi ulikuwa umeanza kutetemeka kwenye kata yake ya nyasi, udongo ukawa unadondoka punje punje toka darini, na unyayo wake uliokuwa chini ukasikia ardhi inanguruma. Meneja alikuwa ameshafika nusu ya nguzo.

Fabian aliweka mpini chini. Hakumwambia Emilia alichofikiri. Aliaga kwamba anakwenda Miyuji kumwona Violeth, akachukua baiskeli.

Violeth alikuwa kwenye mizabibu yake, anapogoa. Tangu kantini ifungwe aliishi kwa zabibu na kwa maandazi. Walisalimiana kwa kirefu, mbukwenyi na habari za watoto na za mvua, kisha Fabian akamweleza yote kwa mpangilio: mlingoti, kamba mpya, pembe ya tandala, kiberenge na treni isiyo na honi. Alipofika kwenye pembe, Violeth alicheka mpaka akaegemea mti. Habari hiyo ilikuwa imeshamfikia, lakini alitaka kuisikia kwa mwenyewe. Alipofika kwenye treni, aliacha kucheka, akageuza ndoo na kuketi juu yake.

"Kwa hiyo umejua," alisema.

"Nimejua nini, dada?"

"Kwamba alikuwa anatukimbia."

Fabian akamwuliza wao walijua tangu lini. Violeth akasema tangu banda la baiskeli. Ngoma kubwa imekaa chini, na wale wenye ngoma ndogo wamezibana mapajani wanakanyaga kwa pamoja, njuga miguuni, ardhi yote inaruka. Nyoka naye amelalia tumbo. Angekwenda wapi zaidi ya juu? Kantini walikuwa wanataniana wakiosha masufuria, leo tukanyage mpaka Meneja afike mbinguni.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie? Unasimama pale na ngozi yako ya mbuzi, umejaa kama askofu siku ya kipaimara. Nani angekwambia?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unafurahi, Fabian. Tukakuacha."

Fabian alicheka kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli. Alikumbuka Bahi, maji yamejaa, chatu amejikunja juu ya dungu. Katika maisha yake hakuwahi kumwona chatu aliyepanda dungu kwa furaha. Jambo hilo alilijua kabla hajajua kusoma.

Lakini Jumapili ilikuwa imekaribia, na mtu haachi kitu alichokitamani kwa sababu tu ameelewa. Alimwomba Violeth aje na wenzake kwenye baa ya Ambokile, kule barabarani, wapige kama zamani. Violeth hakusita. Mwenzake mmoja alikuwa anauza mitumba, mwingine analima, na wote walikuwa wanazitazama zile ngoma zikila vumbi darini kwake. Walikuja kabla ya wakati.

Ambokile hakuwa ametegemea akina mama. Alisema yeye ameshafunga spika, na ngoma ni mambo ya mapokezi ya zamani. Fabian akamwambia kwa upole kwamba bila hao nyoka hapandi. Ambokile akainua mabega, akaita marafiki zake wakae kwenye viti. Mlingoti ukasimamishwa katikati ya bustani, Fabian akavaa ngozi yake, akamtoa Meneja kwenye tenga na kumlaza chini.

Akapuliza. Ngoma zikaanguka zote kwa mpigo mmoja, kama hazikuwahi kuwekwa darini. Na watu wakanyamaza, kama Fabian alivyotaka.

Zamani, wakati huo, yeye alikuwa anawatazama watu. Safari hii alimtazama nyoka. Aliona jinsi mwili wote ulivyokaza mara ile ardhi ilipoanza kuruka, na jinsi kichwa kilivyokwenda kushoto, kikarudi, kikaenda kulia, kikaukuta mti. Aliona haukuwa mwendo wa kucheza. Meneja alipanda upesi kuliko Fabian alivyokumbuka, akafika kileleni, na akawa bado anataka kupanda. Mti ulikuwa umekwisha. Akakitoa kichwa hewani na kukizungusha huku na huku, akitafuta mahali pengine pa kwenda.

"Anatusalimu huyo," alisema rafiki mmoja wa Ambokile, aliyekuwa ameona maonyesho ya zamani.

Fabian akaitia filimbi mdomoni, akapuliza mara mbili fupi. Ngoma zikakatika palepale.

Ambokile alikuwa amesimama anapiga makofi. Akauliza mbona wameacha, ndiyo kwanza imenoga. Fabian hakumjibu mpaka Meneja aliposhuka mwenyewe, polepole, na yeye kumpokea kwa mikono yote miwili bila kumwacha aning'inie. Ndipo akasema.

"Huyu hapandi kwa kupenda, bosi. Anakimbia ngoma. Mimi simleti tena."

Ambokile hakukasirika. Alijaribu kumweleza kama mtu mzima kwa mtu mzima. Alisema nyoka ni nyoka, haumii, haanguki, anapanda na kushuka, na watu wanafurahi. Alisema kila aliye kazini kuna kitu kinamfukuza nyuma.

"Hata mimi hii baa nilipandishwa na kupunguzwa kazi. Sikuipanda kwa kupenda."

Watu wakacheka, na Fabian naye akatabasamu. "Wewe ulikuta pa kukaa huko juu," alisema. "Yeye hana."

Akamrudisha Meneja kwenye tenga, akafunga kifuniko. Ambokile alimtazama akifanya hivyo, akaona hakuna la kuongeza. Lakini alikuwa mfanyabiashara. Wapita njia walikuwa wamesimama kwenye ua wake, wengine wameshuka kwenye baiskeli, na hawakuwa wameitwa na nyoka ambaye toka barabarani haonekani vizuri. Akawageukia akina mama, akawauliza kama wanaweza kuja kila Jumamosi.

Fabian alisikia, akaendelea kufunga tenga kwenye baiskeli. Kile alichokuwa amekitamani tangu shirika life kilikuwa kimesimama pale bustanini, na kinapewa wengine, na ni yeye aliyekitoa mkononi mwake. Hakuwaonea wivu. Ila vidole vyake vilichelewa kulipata fundo la kamba.

"Na wa filimbi?" Violeth alimwuliza Ambokile.

Ambokile akasema filimbi ilikuwa ya nyoka, na nyoka haji.

"Nani kakwambia ni ya nyoka? Nyoka ana masikio?" Violeth aliiweka ngoma yake chini. "Ile ni yetu. Yeye ndiye anatuanzisha, yeye ndiye anatukata. Hukusikia sasa hivi? Asipokuja, sisi tutaanzia wapi, kwenye spika yako?"

Wenzake wakasema ndivyo, mmoja huku akivua njuga kama anayejiandaa kuondoka. Ambokile akatazama njuga, akatazama watu waliosimama uani, akasema basi, na wa filimbi aje.

Fabian hakujua hilo. Miaka yote alidhani filimbi yake inatoka mdomoni na kwenda kwa nyoka. Kumbe ilikuwa inawafikia akina mama, akina mama wanaipeleka ardhini, na ardhi ndiyo ilikuwa inamfikia Meneja.

Jumamosi ya kwanza watu walikuja wengi kwa sababu walikuwa wameahidiwa chatu. Wengine waliuliza yuko wapi, na walipoambiwa haji, walinywa soda moja wakaondoka. Waliobaki waliwatazama akina mama. Fabian alisimama pembeni yao, bila ngozi ya mbuzi, amevaa shati lake jeupe la kanisani, akipuliza pa kuanzia na pa kukatia. Macho ya watu hayakuwa kwake. Hilo lilimchoma mwanzoni, na kwa Jumamosi kadhaa alirudi Ihumwa hana maneno mengi. Halafu akaanza kugundua kwamba akichelewa hata kidogo kupuliza, Violeth anamgeukia kumtafuta. Siku aliyougua mafua hawakupiga. Polepole jina la Fabian wa Chatu likamtoka, na likaja la Fabian wa Filimbi, ambalo lilimkaa mpaka uzee.

Kule Ihumwa treni hazikuacha kupita. Hilo hakuweza kulizuia, reli haikuwa yake. Alichofanya ni kuurudisha mlingoti toka baani, kuukata utoshe chini ya paa na kuuingiza chumba cha mbele, akausimamisha kando ya nguzo ya katikati, na kamba yake mpya ya katani juu yake. Kisha akakata fito, akazifunga kileleni, chini kidogo ya boriti, zikawa kama dungu la kulindia mpunga, ila dogo, la mtu mmoja mrefu asiye na miguu. Juu yake akatandika gunia.

Emilia alimtazama akifunga fito ya mwisho, akauliza kama huyo Meneja sasa amepandishwa cheo. Fabian akasema amepewa nyumba ya shirika.

Mwanzoni Emilia alinuna, kwa kuwa pale ndipo alipokuwa anatundika mlenda wake mkavu. Baadaye alihamishia mlenda jikoni na hakulisema tena. Treni ya mizigo ikija, mtungi unaanza kutetemeka kwenye kata yake, na Meneja anapanda. Anafika kileleni, anaingia kwenye dungu, anajikunja, anaweka kichwa juu ya mwili wake mwenyewe. Kichwa hakizunguki tena. Treni ikishapita hashuki mara moja, na Fabian hamwiti.